Mstari wa Mbele wa Ukomavuni

Namna nilivyofika Ukomavuni msiniulize. Barabara ilikuwa na vumbi, nauli ilikuwa ya kukomoana, basi. Wako wasafiri wanaopenda kusimulia kila kona waliyokata na kila chai waliyokunywa. Mimi nimefundisha historia sekondari kule Tukuyu mpaka nikastaafu, na mwanafunzi aliyeanza insha yake kwa kunieleza hali ya hewa nilimrudishia akaanze upya. Tuseme nilifika, nikaoga, nikalala, na kulipokucha nikaanza kuiona nchi.

Ukomavuni si porini. Kuna lami, kuna mahakama, kuna televisheni inayosifu kutwa, na kuna chuo kikuu kimoja ambacho wenyeji wakikitaja wanavua kofia. Nilikwenda huko kwa sababu ya sheria yao moja. Mtu hawezi kupewa uprofesa wa historia mpaka mgeni kutoka nje aketi kikaoni, asikilize mahojiano, na mwisho asimame aseme neno moja: "Nimesikia." Mgeni akisema hivyo, yaliyosemwa yanakuwa historia ya nchi. Akisema "Sikusikia," yanafutika kana kwamba hayakusemwa. Walitunga sheria hiyo zamani kwa kuwa wenyewe kwa wenyewe hawakuaminiana hata chembe, na kwa hilo nawasifu. Si kila nchi inajijua.

Mtahiniwa ndiye anayemchagua mgeni. Aliyenichagua mimi ni Dokta Atuganile, mwanafunzi wangu. Mama yake alikuwa mwenyeji wa Ukomavuni. Alifukuzwa chuo akiwa msichana, akakimbilia kwetu, akaolewa, akamzaa binti huyu mmoja. Jina la mama huyo sitalitaja hata hapa, na sababu mtaiona. Binti nilimpokea kidato cha kwanza, mwembamba, sketi imemzidi kiuno, na kengele ya kutoka ikilia yeye bado amenyoosha mkono. Alipomaliza masomo yote ya kwetu alisema anarudi nchi ya mama yake kusoma habari za vyuo na migomo ya wanafunzi. Watu wakamcheka. Mimi sikumcheka. Leo ni mwanahistoria ambaye vitabu vyake vinasomwa nchi ambazo mimi nazijua kwa ramani tu, na nikisema nilimfundisha mimi, nasema kwa sauti. Atakayeona najivuna amepatia.

Mwenyeji wangu wa kiserikali alikuwa Bwana Shomvi, ofisa wa Idara ya Ukomazaji, mtu mnene, mpole, mwenye tai iliyoupita mkanda. Alinipeleka kwenye jengo la ghorofa lililojaa rafu kutoka sakafuni mpaka darini.

"Haya yote ni malalamiko ya wananchi," alisema kwa fahari.

"Mnayashughulikia?"

"Tunayakomaza, Mgeni. Lalamiko bichi linaliumiza tumbo taifa. Mtu akiwa na lalamiko analileta hapa, tunampa risiti, tunaliweka mahali pakavu. Mlalamikaji akishapata mtoto wa kumpeleka chuo, basi lalamiko lake limekomaa. Tunamwita, tunampa kipaza sauti, analalamika mbele ya watu. Akitaka kulia analia. Kitambaa tunatoa sisi."

"Na tatizo lenyewe?"

"Tatizo lipi?"

"Lile alilolilalamikia, Bwana Shomvi!"

Alinitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa. "Lalamiko likishakomaa, Mgeni, tatizo linakuwa urithi. Urithi hautatuliwi. Unatunzwa."

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mzee mmoja aliyelalamikia paa linalovuja katika darasa alilosomea utotoni. Darasa lilishaanguka, shule yenyewe ilishahamishwa. Mzee alilalamika vizuri sana, watu wakapiga makofi, akapewa soda. Wakati anashuka jukwaani alininong'oneza kwamba kwa sasa anasumbuliwa na nyumba yake inayobomolewa kupisha barabara. "Lakini hilo," alisema, "atalisema mjukuu wangu." Nilitaka kumwambia neno, Bwana Shomvi akanishika kiwiko tukatoka.

Nje mji ulikuwa umepambwa. Ilikuwa Siku ya Mgomo Mkuu. Habari yake ni hii. Kizazi kimoja nyuma wanafunzi wa chuo kile waligoma kwa sababu bweni la wasichana halikuwa na maji. Walikwenda langoni wakakaa chini, wakakataa kuondoka. Chuo kikafungwa, wengine wakapigwa, wengine wakafukuzwa, nchi ikatikisika mpaka serikali ya wakati ule ikaporomoka. Serikali iliyofuata ikasema kwamba yenyewe ndiyo mgomo. Mawaziri, majaji, wakuu wa vyuo, wote wakasema walikuwa mstari wa mbele. Kwa kuwa mgomo sasa unatawala, wakapitisha sheria kwamba mgomo umekamilika na hautarudiwa. Unaadhimishwa tu.

Niliyaona maadhimisho kwa macho yangu. Wanafunzi walipita barabarani wakiwa wamejipanga, kila mmoja na bango lililogongwa mhuri. Bango moja lilisema TUNADAI TULICHOKWISHA KUPEWA. Jingine lilisema MAJI KWA WASICHANA WA ENZI ZILE. Polisi walisimama pembeni na mitungi mgongoni, na filimbi ilipolia wakawanyunyizia wanafunzi marashi ya waridi, nao wanafunzi wakakimbia polepole, kwa mstari, wakirudi kila mmoja kwenye nafasi yake. Jukwaa kuu lilifuta machozi. Nilinukia waridi mpaka nguo zangu zilipofuliwa.

Mwishoni mwa maandamano msichana mmoja wa chuo alinipita mbio, bango kwapani, ndoo ya njano mkononi.

"Samahani mama, nawahi maji kisimani kabla foleni haijawa ndefu."

"Maji ya nini tena, mwanangu?"

"Bwenini hakuna."

"Bweni lipi?"

Alinishangaa. "Hilohilo, mama."

Akaenda zake. Nikamgeukia Bwana Shomvi. Alikohoa, akarekebisha tai. "La huyu bado bichi," alisema.

Sasa niwaeleze habari ya mstari, maana ndipo mambo yote yanapoanzia. Aliyekuwa mstari wa mbele siku ya Mgomo Mkuu huitwa Mwana wa Mstari. Mwana wa Mstari hapangi foleni hospitali. Anaruhusiwa kumkata kauli mtu yeyote isipokuwa Mwana wa Mstari mwenzake. Hapewi cheo cha chini ya mkurugenzi. Siku yenyewe ya mgomo mstari huo ulikuwa wa wanafunzi wachache. Nilipofika mimi, Wana wa Mstari wangeweza kujaza uwanja wa mpira na wengine wakabaki nje. Nilitambulishwa kwa mmoja ambaye, kwa kumtazama tu, alikuwa bado hajazaliwa. Nikamuuliza. Akasema alikuwepo kwa roho.

Ushahidi wao ni picha. Iko kwenye noti zao, kwenye kuta za ofisi, hata kinyozi anayo. Ni picha ya wanafunzi wengi wakitembea, imepigwa kutokea nyuma, kwa hiyo kinachoonekana ni visogo. Visogo vitupu. Anayetaka kuandikishwa Mwana wa Mstari anasimama mbele ya picha wizarani, anagusa kisogo kimoja, anakula kiapo: "Huyu ni mimi." Wana wa Mstari wawili wakiitikia, yamekwisha. Ole wako ukidai ulikuwepo mgomoni na huna kisogo pichani. Hilo ni kosa la kujipenyeza mstarini. Unafungwa, na ndugu zako wanafutwa kazi.

Msifikiri visogo vinatosha. Mwaka uliotangulia safari yangu mawaziri wawili waligombania kisogo kimoja, kile chenye masikio makubwa. Bunge likaacha kila kitu likajadili. Upande mmoja ukasema kisogo ni mali isiyogawanyika. Upande mwingine ukasema taifa changa haliwezi kumudu mtu mmoja kwa kisogo kimoja, huo ni ubinafsi. Mwisho wakapitisha kisogo kimoja kimilikiwe kwa zamu: mmoja Jumatatu mpaka Jumatano, mwenzake Alhamisi mpaka Jumamosi, na Jumapili kisogo kipumzike. Mimi niliposimuliwa wakati wa chakula nilicheka, nikaona wenzangu mezani hawacheki, nikajifanya napaliwa.

Jioni hiyo Atuganile alinichukua kwake, nyumba ya walimu wa chuo, vyumba viwili na jiko. Alinipikia ndizi kwa maziwa ya mgando, kama kwetu, akakataa katakata nimsaidie kumenya.

"Kesho, Mwalimu," alisema akigeuza mwiko, "wataniuliza nani alikuwa mstari wa mbele. Jibu lipo tayari. Maprofesa wote wa historia walionitangulia wamelisema: 'Nyote mlikuwepo.' Ukishasema hivyo wanapiga makofi, unavishwa joho, mnakwenda kula pilau."

"Na usiposema?"

"Naondoka chuoni. Ndiyo sheria. Hata maktaba sirudi."

Nikauliza kazi yake imekuwaje miaka yote hiyo katika nchi ya namna hii. Akacheka. Alipoomba kutafiti migomo ya vyuo, wakubwa walimwambia aanze na nchi za mbali. Akatafiti za mbali. Akaomba ya hapa nyumbani, wakaogopa, wakampa mada waliyoiona haina madhara: historia ya mapaa, mifereji na matangi ya chuo kikuu. Mtu mwingine angenuna. Yeye alipanda juu ya kila paa. Aliandika kitabu cha mapaa chenye kurasa nyingi kuliko Biblia ya mezani, wakampandisha cheo bila kukifungua. Wakati huohuo, likizo kwa likizo, alikuwa anawatafuta waliokaa langoni siku ile. Aliwapata kijiji hiki na mji ule, wanawake watu wazima sasa, wengi wao waliokuwa wakazi wa bweni lile lisilo na maji. Hakuna hata mmoja mwenye kisogo pichani. Walimweleza yote. Kisha kila mmoja akamshika mkono akamwomba jambo lilelile: jina langu usiliandike.

"Pamoja na mama," nikasema.

"Mama ndiye wa kwanza. Aliniambia, mwanangu, andika kila kitu, nifute mimi. Wadogo zake wako hapa, wana kazi, wana watoto. Nikimtaja wanakwisha." Akaketi. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, Mwalimu. Nakitaka kiti hicho. Nisikudanganye, nakitaka sana. Nikikipata nitafundisha ninavyotaka. Nikisema tu maneno mawili, nakipata."

Mimi mtu wa kusema ovyo, lakini jioni ile nilikula ndizi, nikamsifu kwa ndizi.

Kikao kilifanyika katika Ukumbi wa Mitihani, jumba refu lenye madirisha makubwa. Ukutani iliwekwa Picha yenyewe, imekuzwa kama pazia. Wanafunzi waliruhusiwa kukaa juu roshanini kwa masharti ya kutotikisa viti. Wajumbe wa Baraza walikuwa wote Wana wa Mstari, na mwenyekiti wao alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Kihenge, mwenye nywele zilizopakwa piko kuficha mvi na sauti nzuri ajabu. Joho la uprofesa lilikuwa limetandazwa mezani, jekundu, tayari.

Walianza kwa mjadala. Mjumbe mmoja alitaka neno "mgomo" litamkwe watu wakiwa wamesimama. Mwingine akasema wagomaji walikaa chini, kwa hiyo heshima ni kukaa. Wakagawanyika. Mwafaka ukawa kwamba neno hilo litamkwe mtu akiwa anainuka. Kwa hiyo kila lilipotajwa wazee wazima walikuwa wanainuka nusu na kurudi vitini, na magoti yao yanalia. Nilimtazama Atuganile. Alikuwa ametulia, mikono juu ya meza.

"Dokta," akasema Profesa Kihenge kwa upole, "swali letu ni moja, na unalijua. Nani alikuwa mstari wa mbele?"

"Kabla sijajibu, Mheshimiwa, naomba Baraza linisaidie. Picha ni kubwa na visogo ni vingi. Kila mjumbe angenionyesha chake, nisije nikamsahau mtu."

Jamani, walivyofurahi! Profesa Kihenge aliinuka wa kwanza, akagusa kisogo cha katikati, akakipapasa. Wakafuata wengine. Mjumbe mwembamba na mjumbe mfupi walifika kwenye kisogo kimoja wakasukumana, mwembamba akasema, "Leo ni Alhamisi bwana, wacha," yule mfupi akarudi kitini amenuna. Wote wakaapa tena, bila kuombwa.

"Ahsanteni. Sasa, Mheshimiwa, hapo ulipo pichani, mbele yako kunaonekana nini?"

Profesa Kihenge akakodoa. "Miti. Watu. Na lile tangi la maji, lenye miguu ya chuma."

"Lipo mpaka leo?"

"Lipo. Liko hapo nyuma ya ukumbi huu." Akaonyesha dirishani. Kweli, tangi lilikuwa hapo, lina kutu, juu linaota majani.

"Na lango la chuo, mgomo ulipokuwa, liko wapi?"

Kila mtu aligeuza shingo. Lango lilikuwa upande wa pili, mbali, kule chini. Niliona mjumbe mwembamba anatazama picha, anatazama dirisha, anatazama picha tena, na jasho linamtoka.

"Nimepima kila tangi la chuo hiki," akasema Atuganile, "kwa kuwa mada hiyo mlinipa nyinyi. Hakuna jingine lenye miguu ya chuma. Walio kwenye picha hii wameligeuzia lango kisogo, wanaelekea hapa tulipo. Siku ile uongozi ulitangaza kwamba atakayeacha mgomo akaja kufanya mtihani atasamehewa. Mtihani ulifanyika ukumbi huu. Aliyepiga picha alikuwa amebaki langoni. Aligeuka akawapiga wanaoondoka." Akashusha pumzi. "Kwa hiyo, waheshimiwa, sitasema kwamba hamkuwepo. Mlikuwepo. Mmeapa wenyewe, zamani na leo, na mmenionyesha kwa vidole. Mlikuwa mnakuja kwenye mtihani."

Hakuna aliyekumbuka kuinuka nusu. Roshanini kiti kimoja kilitikisika. Mimi nikajikuta nimefinya mkoba wangu kama shingo ya kuku. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona, wala siku wanangu wa kuzaa walipohitimu, na wanisamehe.

Lakini Profesa Kihenge hakufika pale kwa bahati. Alinywa maji, akajipangusa, akatabasamu.

"Vizuri sana. Utafiti wa kina. Ila nafasi ikiwa tupu si ushahidi, Dokta. Kama si sisi, ni nani? Wataje waliobaki langoni. Wataje sasa hivi, kwa majina yao kamili, na joho hili nakuvisha mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Usipowataja, umetupigia chuku."

Alijua. Wallahi alijua kwamba hawezi kuwataja. Mtu anayemtaka mwenzake ataje majina kwa sauti tamu namna ile ameshajipanga atakavyoyatumia.

Atuganile alilitazama joho. Sisemi hakulitazama. Kisha akasema, "Nilizungumza nao kwa makubaliano, Mheshimiwa. Waliniomba nisiwataje, nikakubali. Sina zaidi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mimi nilikuwa nimeshainuka nusu, na si kwa heshima ya neno lolote. Mmoja wao namjua! Nimekunywa naye chai, nimemzika mumewe, jina lake liko kwenye ncha ya ulimi wangu! Ningelitamka, joho lingekuwa la mwanangu. Atuganile hakugeuka kunitazama, lakini mkono wake mmoja ulitoka mezani ukashuka chini, kiganja kikilala, kama mtu anayemtuliza mtoto. Nikaketi. Nililimeza jina lile.

"Basi tumsikilize Mgeni," akasema Profesa Kihenge, akanigeukia na meno yake yote. "Mama yetu umesafiri, umechoka, na umri nao una mambo yake. Ukumbi huu una mwangwi mbaya. Yawezekana kabisa hukusikia. Hakuna atakayekulaumu."

Nikasimama vizuri, nikavuta kanga mabegani.

"Profesa," nikasema, "mimi nimefundisha darasa ambalo wa nyuma kabisa wakinong'onezana jibu, mimi ubaoni nimewapa mgongo namtaja aliyeuliza na aliyejibu. Nimesikia. Nimesikia lango, nimesikia tangi, nimesikia mtihani. Na hapo ulipoapa mara mbili, hapo nimesikia zaidi."

Roshani ilipiga ukelele, masharti yakaishia hapo. Kwa sheria yao jambo lilikuwa limekwisha: yaliyosemwa yalikuwa historia ya Ukomavuni. Baraza likapiga kura kuhusu joho, na hapo likashinda lenyewe. Historia ilipita, profesa hakupita. Mjumbe mfupi alilikunja joho haraka haraka na kulikalia.

"Historia imekubaliwa," akatangaza Profesa Kihenge, sauti imerudi mahali pake, "na hatuipingi. Lakini ni mpya mno. Ni mbichi. Kwa mujibu wa sheria itapelekwa Idara ya Ukomazaji, na itakapokomaa itafundishwa. Bwana Shomvi, mpe Dokta risiti."

Bwana Shomvi alikuja mbio, risiti mkononi, uso umejaa wema. Niliona namna kazi ya maisha ya mtu inavyowekwa mahali pakavu. Nilikaribia kulia kwa hasira. Atuganile hakuipokea risiti. Alikuwa anatazama juu.

Roshanini alikuwa amesimama yule msichana wa ndoo ya njano. Alikuwa nayo hata hapo, nadhani kwa kuwahi foleni. Aliongea bila kipaza sauti.

"Na maji, Mheshimiwa?"

"Keti chini, binti. Hilo lako bado bichi. Lilete ofisini, utapewa..."

"Sitaki yakomae. Nataka kuyaoga leo."

Kulikuwa na kicheko, kisha hakukuwa na kicheko. Msichana aliokota ndoo akashuka ngazi. Wakamfuata wa bweni lake, wakafuata wengine, wavulana kwa wasichana, bila mpangilio, bila bango lenye mhuri. Hakuna aliyepiga kelele. Walitoka mlangoni, na sisi tuliobaki ukumbini tukasogea madirishani, wajumbe pamoja na mimi, isipokuwa mwenyekiti. Tangi waliligeuzia kisogo. Walikuwa wanateremka kuelekea langoni.

"Wamekosea njia," akasema mjumbe mwembamba kwa sauti ndogo. Profesa Kihenge alikuwa amekaa peke yake chini ya picha, amekishika kisogo chake cha kweli kwa mikono miwili.

Polisi waliitwa, wakaja na mitungi yao. Wakanyunyiza. Wanafunzi waliokaa chini langoni walipangusa marashi usoni wakabaki wamekaa, na polisi wakatazamana, kwa sababu mafunzo yao yalikuwa yameishia hapo. Najua mambo hayakuishia hapo siku zilizofuata. Mimi nasimulia nilichokiona.

Nilimtafuta Atuganile ukumbini nisimpate. Nikashuka mbio kadiri ya magoti yangu, nimekasirika kwa ajili yake, nimetayarisha maneno ya kumfariji: kwamba uprofesa ni kitambaa tu, kwamba kwetu kuna vyuo, kwamba nyumba yangu ina chumba. Nikamkuta langoni. Hakuwa na shida ya maneno yangu. Alikuwa ameshapita katikati ya umati mpaka mbele kabisa, amechuchumaa vumbini na gauni lake la kikao, mkabala na yule msichana, kalamu imetoka. Uso wake ulikuwa uleule wa kidato cha kwanza, wa mtoto ambaye kengele imelia na yeye bado. Mwanafunzi wangu huyo! Nilitamani kumshika bega kila polisi nimwambie.

"Mimi ni mtafiti," alikuwa anasema, taratibu, kama anavyosema kila siku ya kazi yake. "Naandika historia ya chuo hiki. Ningependa kuzungumza na wewe, ukikubali. Ukikataa hakuna ubaya. Na kabla hujajibu ujue kwamba una haki ya kufichwa. Nitakupa jina la kubuni, na hakuna atakayelijua la kwako, hata nikiulizwa na nani. Nimekwisha kuulizwa."

Msichana aliigeuza ndoo kifudifudi akaikalia, ili aonekane.

"La kubuni la nini?" alisema. "Andika Zawena. Zawena binti Mfaume, bweni la wasichana. Na huyu wa kushoto kwangu muulize mwenyewe, na yeye ana jina."